Pampu imekufa tena (gumzo la jengo letu, Mombasa)

Baba Leila, mwenyekiti: Jamani pampu imekufa tena. Fundi anakuja kesho saa tatu. Tangi limebaki robo, jazeni ndoo sasa hivi.

Otieno 2B: Robo! Na mimi sijaoga 😭

Bi Zuhura: Mama Hetal, kwani nimekukosea nini? Jana kwenye ngazi umejiziba mdomo na leso ukapita zako.

Mama Hetal 3A: La, dada yangu! 🙈 Ni Paryushan, siku zetu takatifu sisi Wajaini, niko siku ya tano ya athai, mfungo wa siku nane. Sijapiga mswaki tangu nianze, nikaogopa kukupulizia harufu.

Otieno 2B: Siku tano hujala??

Mama Hetal 3A: Nitafika nane. Maji tu, yaliyochujwa kwa kitambaa yakachemshwa. Jua likizama, hata hayo siyagusi.

Otieno 2B: Sasa mswaki una kosa gani? Si hauliwi.

Mama Hetal 3A: Dawa ya meno ina ladha, na mdomoni hapaingii kitu ila maji. Halafu siku hizi tunajaribu kuwafuata watawa wetu japo kidogo. Wao hawaogi, na mswaki hawapigi. Kwetu maji yenyewe yana uhai, hayamwagwi ovyo.

Otieno 2B: Ndiyo maana pampu ikifa hulalamiki 😂

Mama Hetal 3A: Mimi naoga bwana, si mtawa! Siingii kufanya puja Derasar, hekaluni kwetu, bila kuoga na kuvaa nguo za ibada. Na mbele ya sanamu nafunga pua na mdomo kwa kitambaa cha mikunjo minane, pumzi yangu isiifikie. Ila kuoga kwenyewe ni makopo mawili matatu.

Bi Zuhura: Basi nisamehe shoga, nilishaanza kununa. Mbona hata mimi Ramadhani ikishapita adhuhuri mswaki siushiki, kwetu Waislamu wa madhehebu ya Shafi ni makuruhu, haipendezi. Harufu ya kinywa cha aliyefunga kwa Mwenyezi Mungu ni bora kuliko miski. Mume wangu tu ndiye haisikii hiyo miski.

Baba Leila, mwenyekiti: Bi Zuhura, mumeo yumo humu.

Bi Zuhura: Najua.

Mama Hetal 3A: 😂😂 Msamaha ngoja siku ya nane, ndiyo siku yetu ya kuombana, tunaambiana "Michhami Dukkadam", yaani nisamehe. Mimi ndiye nitakuja kwako.

Bi Zuhura: Karibu. Maji ya kuchemsha kesho unayo?

Mama Hetal 3A: Ya leo hayalali, lazima nichemshe mapya. Nina nusu ndoo.

Bi Zuhura: Otieno, pita kwangu umpandishie ndoo moja.

Otieno 2B: Nakuja. Nami nipate kopo moja 🙏