Nanunua nyumba Malindi, muuzaji ataka tutumie wakili wake. Nimchague vipi wangu?

BintiNgomeni
Assalaam alaikum, na hamjambo wote. Naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa maana dalali hanipi nafasi ya kupumua.

Mimi ni mwalimu, mwaka wa kumi na moja huu nalipa kodi ya nyumba hapa Malindi. Mwezi uliopita nimepata nyumba upande wa Barani, vyumba vitatu, kisima chake, na mwembe mkubwa uani ambao watoto wangu wameshaupenda kabla hata hatujahamia. Tumekubaliana milioni 3.8. Pesa zenyewe ni mkopo wa chama cha akiba cha walimu na akiba ya mume wangu aliye kazini baharini. Zikipotea hizi, sina nyingine.

Muuzaji ni mtu mzima, ana adabu, sina neno naye. Lakini yeye na dalali wanasema tutumie wakili mmoja, yule wa muuzaji, tugawane ada nusu kwa nusu. Binamu yangu wa Mombasa ana wakili anayemsifu sana. Mwenzangu wa shuleni naye ananiambia kuna mama wakili hapa hapa, karibu na mahakama, aliyemshughulikia vizuri. Mimi sijapata kuingia ofisi ya wakili maishani mwangu. Mtu huchaguaje? Huuliza nini? Hati nimeonyeshwa picha yake kwenye simu tu, yenyewe sijaishika.

Baharia77
Dada yangu, usilipe hata shilingi moja kwanza. Nakueleza yaliyonipata.

Mwaka 2016 nilinunua kiwanja kaunti hii hii ya Kilifi. Nilikuwa likizo ya wiki tatu tu, nataka kila kitu kiishe kabla sijarudi melini. Wakili wa muuzaji akanikaribisha vizuri, chai ya tangawizi, akasema atatuandikia sote wawili mkataba mmoja. Nikatoa asilimia 10, na mwezi wa pili nikaongeza nyingine. Pesa zikatoka kwake zikaenda kwa muuzaji kabla hati haijahamishwa. Nilipogundua kuwa kiwanja kile kile kimeuzwa kwa mtu mwingine, nilimwendea yule wakili nikamuuliza, wewe ulikuwa wakili wa nani? Akanijibu, wa nyote. Maana yake hakuwa wangu. Siku mambo yalipogeuka, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyelipwa kuniangalia mimi.

Kesi ilikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Malindi, miaka mingi, na nilichorudishiwa ni sehemu tu. Mke wangu hadi leo tukipita njia ile hugeuza uso upande wa pili. Chukua wakili wako mwenyewe, hata kama itakubidi kukopa ada yake.

Kijana_wa_Stendi
Mnamtisha dada wa watu. Siku hizi upekuzi wa hati, yaani kuangalia jina la nani limesajiliwa, unaufanya mwenyewe kwa eCitizen, tovuti ya serikali, ada ndogo tu. Mkataba mkaandikishane kwa chifu na mashahidi wawili wawili. Wakili kazi yake ni muhuri. Mbona umlipe mtu makumi ya maelfu kwa muhuri?

Bi_Karani
Mwanangu wa Stendi, najua unataka kumsaidia, lakini hapo utamtumbukiza shimoni. Nimekuwa karani katika ofisi za mawakili hapa Pwani kwa miaka 19, nimewaona wengi wanaokuja na karatasi ya kwa chifu wakilia.

Karatasi ile yaweza kuonyesha kuwa mlikubaliana, lakini haihamishi hati. Uhamisho unaopelekwa kwa msajili una fomu zake, na sheria ya mawakili, kifungu cha 34, inamkataza asiye wakili kutayarisha hati hizo kwa malipo. Na upekuzi wa eCitizen ni mzuri, afanye, lakini upekuzi unakwambia jina lililoandikwa leo. Haukwambii jina hilo liliingiaje.

Sasa wewe BintiNgomeni, nisikilize. Jambo la kwanza kabisa, hakikisha huyo unayemfikiria ni wakili kweli na leseni yake ya mwaka huu iko hai. Leseni za mawakili huisha tarehe 31 Desemba, kila mwaka hufanywa upya. Ingia tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, andika jina lake, utaona hali yake. Usione haya. Wapo waliozuiliwa na bado vibao viko mlangoni.

Pili, nenda ofisini kwake, ukae naye uso kwa uso, na umwachie nafasi aulize yeye. Hapa ndipo mimi humjua wakili. Yule anayefaa, kabla hajataja ada, atakuuliza: muuzaji ameoa? Nyumba ilijengwa lini? Nani anaishi humo sasa? Ameinunua au ameirithi? Reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, zimelipwa? Nambari ya hati inaanza na nini? Swali hilo la mwisho ni kubwa kwetu sisi wa Pwani. Ukanda huu ulisajiliwa kwa sheria yake ya mwaka 1908, na hati nyingi za zamani zina nambari za CR, faili zake ziko msajili wa Mombasa. Nyingine ziko Kilifi. Wakili asiyejua tofauti hiyo atakutafutia faili mahali lisipo, na miezi itapita. Kwa hiyo usimkatae wa binamu yako kwa sababu ya umbali tu. Ikiwa hati ni ya CR, kuwa Mombasa kwaweza kumfaa. Mwulize amewahi kuhamisha nyumba ngapi za Malindi, uone kama anajibu au anazungukazunguka.

Asiyeuliza kitu, akakwambia tu tuma pesa tuanze, muage kwa heshima uondoke.

BintiNgomeni
Shukran sana Bi Karani. Na ile asilimia 10 humpa nani? Dalali asema nimpe yeye ampelekee mzee.

Bi_Karani
Dalali? Hata kidogo. Dalali ana kamisheni yake, basi.

Desturi ni hivi: wakili wa muuzaji ndiye huandika mkataba wa mauziano, wako anausoma na kuukosoa mpaka akuridhishe. Ile asilimia 10, kwako ni 380,000, huingia akaunti ya wateja ya wakili wa muuzaji, naye huishika kama amana, hamkabidhi mteja wake mpaka mambo yakamilike. Iandikwe hivyo ndani ya mkataba, kwa maneno yaliyo wazi. Kisha kwa kawaida mnakuwa na siku 90. Ndani ya muda huo muuzaji atoe hati yenyewe, fomu za uhamisho zenye saini, nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA, kibali cha mkewe, na cheti cha kutodaiwa reti. Pesa iliyobaki hulipwa kwa ahadi ya wakili kwa wakili, na ahadi ile wakili akiivunja anaweza kushtakiwa na kuadhibiwa. Mtu na dalali wake hawana ahadi ya namna hiyo. Na ndiyo sababu nyingine ya kuwa na mawakili wawili: wakili mmoja hawezi kujiwekea ahadi mwenyewe.

Usisahau ushuru wa stempu. Mjini ni asilimia 4, mashambani asilimia 2, na mlipaji ni mnunuzi. Kwa milioni 3.8 weka kando 152,000, na mthamini wa serikali akiona nyumba ina thamani zaidi ya hiyo, watahesabu kwa thamani yake. Muuzaji naye ana kodi yake ya faida, asilimia 15 tangu Januari 2023. Nakutajia kwa sababu wauzaji wengine wakishaijua hutaka kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Wakili atakayekubali mchezo huo leo kwa faida ya mwingine, kesho atakubali mwingine dhidi yako.

MwanaMkomani
Niongeze la Lamu kidogo, huenda likamsaidia.

Sisi tuliuza nyumba ya babu Mkomani, ile ya mawe yenye daka mbili mlangoni. Tulikuwa warithi tisa, watatu wako Oman. Wakili wa kwanza tuliyempata alikuja kwa ndege asubuhi akarudi jioni, mtu wa bara, mwenye elimu yake, lakini hakuuliza hata mara moja jina la nani liko kwenye hati. Lilikuwa la babu, aliyefariki zamani. Tumeshapokea amana ya mnunuzi, ndipo tukaambiwa hatuwezi kuuza mali ya marehemu kabla ya mirathi. Aibu tuliyoipata kwa yule mnunuzi siisahau, maana tulikuwa tumempa neno.

Wa pili alikuwa mtu wa mji wetu. Maswali yake ya kwanza: mirathi imefunguliwa kwa Kadhi? Kuna sehemu yoyote ya nyumba iliyowekwa wakfu? Hili la wakfu usilidharau, huku kwetu unaweza kukuta nyumba nzuri kabisa ambayo bibi mmoja wa zamani aliitoa kwa ajili ya msikiti. Kisha akamwambia mnunuzi mapema kwamba nyumba iko ndani ya mji mkongwe, ambao ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo hata kuta zake hazigeuzwi bila kibali cha watu wa makumbusho. Mnunuzi alishukuru kuambiwa hayo kabla ya kulipa. Ilichukua zaidi ya mwaka, lakini hakuna aliyedhulumiwa, na ndugu zangu tunakula Idi pamoja hadi leo.

Kwa hiyo mimi nasema wakili wa karibu. Mji una siri zake, na siri hizo hazimo kwenye faili.

Baharia77
Naungana na MwanaMkomani. Pia soma ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya Aprili 2023, Dina Management na Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kampuni ilinunua, ikawa na hati, na ikaikosa ardhi, kwa kuwa ugawaji wa mwanzo kabisa haukufuata sheria. Kusema nilinunua kwa nia njema hakukuwasaidia. Tangu hapo, wakili asiyefukua hati mpaka kwenye mzizi wake hakufai.

Kijana_wa_Stendi
Sawa, hiyo nilikuwa siijui. Bi Karani nisamehe, nilisema kwa nia nzuri.

Bi_Karani
Hakuna kosa mwanangu.

BintiNgomeni
Nimerudi, wiki mbili baadaye. Nawaomba msome mpaka mwisho.

Niliwapigia wote wawili. Leseni zao zote ziko hai, niliangalia. Yule wa Mombasa alikuwa mpole, lakini alisema nimtumie nambari ya hati na ada ya kuanzia, mengine tutaongea baadaye. Yule mama wa hapa aliniambia, kabla hujanilipa chochote zaidi ya upekuzi, twende tukaione nyumba. Tulikwenda kwa tuktuk. Alimsalimu jirani, mama mmoja anayeuza mahamri, akakaa naye barazani kama robo saa. Mimi nilidhani anapoteza wakati. Kumbe alimwuliza swali moja tu: nyinyi hapa kodi ya kiwanja humpelekea nani?

Jirani akamtajia. Ukoo fulani uko Mombasa, kila mwaka hutuma mtu kukusanya.

Upekuzi ulipotoka ukathibitisha. Ile hati ya kwenye simu ni ya shamba zima, na ina jina la mtu mwingine kabisa. Mzee anayeniuzia anamiliki kuta na paa. Ardhi si yake. Ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi huku kwetu, na mimi mwenyewe nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo Ngomeni bila kuwaza kwamba ingenihusu siku moja. Nilipomwuliza mzee, hakukana. Alisema alidhani najua, na kwamba dalali ndiye aliyeonyesha hati. Namwamini. Lakini wakili wake alikuwa ameshaandika rasimu ya mkataba inayosema nanunua nyumba "pamoja na ardhi yake". Ningetia saini Ijumaa ile.

Sikulala usiku ule. Milioni 3.8 za kuta, na kila mwaka mtu wa Mombasa anaweza kuja kusema ondokeni.

Wakili wangu ananiambia kuna njia mbili. Ama niachane nayo nitafute nyingine, ama tuwaandikie ukoo wenye ardhi tuwaulize kama wako tayari kukata kipande chetu na kukiuza, kisha bei ya mzee ishuke iwe ya nyumba peke yake. Mzee amekubali kungoja. Watoto bado wananiuliza habari za mwembe wao. Tatizo ni kwamba mwenye jina kwenye hati, jirani anasema amefariki. Kuna yeyote hapa aliyewahi kununua kwa ukoo wa namna hiyo? Nianzie wapi?

Bi_Karani
Alhamdulillahi, mwanangu, umepona.

Anzia kwenye mirathi. Wakili wako awaombe karatasi ya Kadhi au ya Mahakama Kuu inayotaja nani ni warithi na nani amepewa mamlaka ya kuuza. Kama hawana, msiandikiane kitu wala msiwape kitu, wakaifungue kwanza. Kama wanayo, hesabu majina yaliyomo, kisha uhakikishe kila jina lina saini, pamoja na ya wale dada walioolewa mbali ambao kaka zao husema "hao wamekubali". Halafu mpimaji akate kipande na bikoni, zile alama za mpaka, ziwekwe, wewe ukiwepo, umesimama chini ya huo mwembe, uone umeangukia upande upi wa mpaka.