Wakuu, mapezi ya samaki wangu wa urembo yanaoza, dawa gani?

Mkazi wa Tabata: Habari za jioni wakuu. Nina samaki aina ya beta, dume, wa bluu, mwenye mkia mrefu kama khanga iliyoanikwa. Sasa mkia unachanika, ukingo umekuwa mweusi na vipande vinadondoka. Anakula kidogo, muda mwingi kalala chini. Naombeni jina la dawa tu, asubuhi nipitie dukani.

Mvuvi wa Sebuleni: Huko ni kuoza mapezi. Bakteria kama Aeromonas na Pseudomonas wamo majini siku zote, wanamvamia maji yakichafuka na mwili ukichoka. Chombo kina lita ngapi? Maji unabadilishaje?

Mzee Ujiji: Sie tuliokulia ziwani, samaki hatumuulizii dawa, tunauliza ugali umeiva? Marehemu baba alikuwa na mtumbwi, migebuka ilikuwa inajaa mpaka tunagawa jirani. Siku hizi dagaa tu unapimiwa kwa kikombe.

Bi Shuka: Watoto wa watu hawana ada, mtu anatibu mkia wa samaki. Haya.

Mkazi wa Tabata: Chombo ni cha kawaida tu. Jina la dawa wakuu.

Mvuvi wa Sebuleni: Kawaida ni lita ngapi mkuu?

Mkazi wa Tabata: Ni vazi ya maua, ya kioo, lita mbili hivi. Lakini beta anapumua hewa ya juu, muuzaji alisema hata kwenye kikombe anaishi. Maji nikisikia yananuka namwaga yote, natia ya bomba. Na kapsuli ya tetrasaiklini nimeshafungulia humo, najiandaa kuongeza ya pili.

Mvuvi wa Sebuleni: Usiongeze! Kupumua hewa hakumkingi na amonia ya kinyesi chake mwenyewe, ndiyo inayomuunguza. Tafuta ndoo ya lita 20 isiyowahi kuona sabuni. Maji ya bomba yakinge leo, yaache wazi, utumie kesho klorini ikishapungua. Joto liwe 25 hadi 28, kwa Dar hilo unapewa bure. Kila siku punguza robo, rudishia mengine. Chumvi ya kawaida kijiko cha chai kwa lita 4, iyeyushe pembeni kwanza, isizidi siku 10. Halafu okota jani la mti wa mkungu, lile kavu lililodondoka lenyewe, lioshe, litie. Wafugaji wa Thailand wanalitumia sana. Maji yatageuka kahawia, usiogope. Pezi jipya huota likiwa halina rangi, usije ukadhani ni ugonjwa mwingine.

Dogo Kungu: Mkungu! Tumeshapigwa sana na walimu kwa kugonga kungu darasani, kumbe majani yake ni dawa.

Mkazi wa Tabata: Ndoo haiwezekani. Akirudi akute ndoo sebuleni nitamwambia nini?

Bi Shuka: Nani akirudi?

Mkazi wa Tabata: Mwenye samaki. Bosi kasafiri, kaniachia nyumba, anarudi Jumamosi. Ila msihofu, nimeshatanguliza hela ya mwingine Kariakoo. Wamefanana kabisa, isipokuwa huyu ana wekundu kidogo chini. Bosi mwenyewe anavaa miwani.

Mvuvi wa Sebuleni: Na huyo ukimtia kwenye vazi ile ile ataoza vilevile. Wala usiwachanganye, madume wawili watararuana.

Kachero Mstaafu: Wadau mnapigwa chai, stori ya uongo hii. Mwezi uliopita huyu huyu alileta uzi wa kasuku wa bosi aliyenyonyoka manyoya, na bosi alikuwa anarudi Jumamosi!

Dogo Kungu: 😂😂 Bosi gani huyu, rubani?

Bi Shuka: Nilijua tu. Leta picha ya samaki, na gazeti la leo pembeni.

Mkazi wa Tabata: Picha siwezi, kamera ya simu imekufa. Na kasuku haihusiani na hapa. Bosi ni yule yule, kazi yake ni ya safari, kuna ajabu gani?

Mvuvi wa Sebuleni: Chai au si chai, maji yakinge usiku huu.

Mzee Ujiji: Enhe, kwani kasuku alipona?

Mkazi wa Tabata: Yupi mzee, wa kwanza au wa pili?