Vijiwe vya wazee wa michezo ya zamani: wenye baba, babu na mama zenu huko, tupeane uzoefu

Mgosi wa Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu alistaafu bandarini hapa Tanga. Mwanzoni alikuwa anashinda sebuleni, mara amfuate mama jikoni kukagua sukari imebaki kiasi gani, mpaka mama akasema jamani, huyu mtafutieni pa kwenda. Bahati nzuri pa kwenda palikuwepo. Huku Ngamiani kuna benchi mbili chini ya mwarobaini, wazee hukutana hapo baada ya swala ya alasiri. Siasa marufuku. Anayeleta habari za mgombea anawanunulia wenzake wote kahawa. Wao ni mpira wa zamani tu: Coastal Union iliyochukua ubingwa 1988, Mwameja golini, Juma Mgunda, na utani na wale wa African Sports, timu nyingine ya hapa Tanga, ambao hauishi leo wala kesho. Mwaka ule ule Simba walinusurika kushuka daraja, basi akipita mtu na jezi nyekundu lazima akumbushwe.

Kilichonifanya niandike ni kwamba mzee ameanza kusahau. Jina la mjukuu linampotea. Anauliza kama ameshameza dawa, anajibiwa, baada ya muda anauliza tena. Lakini akikaa pale benchi anapanga kikosi kuanzia kipa mpaka wa akiba bila kukwama. Wenzake wengine hawamvumilii akichanganya mechi, wanamkatiza na kucheka. Nimeanza kujiuliza kama niendelee kumpeleka. Wenye uzoefu karibuni.

Mjukuu wa Magomeni:
Mpeleke mkuu, tena usikose hata siku moja.

Babu yangu ni Simba wa damu, rafiki yake wa karibu ni Yanga. Ugomvi wao ni ule ule kila siku: rafiki anataja tano bila Yanga walizowafunga Juni 1968, babu anajibu na sita bila za Simba za Julai 1977, hat-trick ya Kibadeni. Hakuna anayemsikiliza mwenzake, kila mmoja anangoja tu zamu yake. Nilidhani wanagombana kweli mpaka rafiki yake alipolazwa. Babu alikwenda wodini, kabla hata ya kutoa pole akamwambia: "Sita!" Mgonjwa akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Simulizi yake nyingine ni Mufulira Wanderers ya Zambia, 1979. Simba wamefungwa 4-0 hapa Dar, watu wanazika timu, halafu wanakwenda Lusaka wanashinda 5-0. Kila akiisimulia, wachezaji wanakuwa na chenga zaidi na jua linakuwa kali zaidi. Mwisho haujawahi kubadilika: tano.

Mbeba Zege Glasgow:
Mgosi, hili naliishi kazini. Niko Scotland, nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huku jambo hili wamelifanya mpango rasmi. Makumbusho ya mpira ya Scotland, yaliyopo uwanja wa Hampden, yanashirikiana na shirika la Alzheimer Scotland kuendesha vikundi vinavyoitwa Football Memories. Ulianza 2009 hivi. Wazee wanakaa mezani na chai na biskuti, anayeongoza anatoa kadi zenye picha za wachezaji wa zamani, anauliza swali moja kisha ananyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi kubwa, amini usiamini.

Tunaye mzee mmoja wa Celtic. Binti yake akija kumtembelea anamwita "yule mama mwema". Siku moja tukamwekea picha ya timu ya 1967, ile iliyowafunga Inter Milan 2-1 kule Lisbon na kuchukua kombe la Ulaya. Akaweka kidole kwenye picha, akaanza: Simpson, Craig, Gemmell, Murdoch, McNeill, Clark, Johnstone, Wallace, Chalmers, Auld, Lennox. Aliyataja majina kama mtu anayesoma dua aliyoihifadhi utotoni. Binti alikuwepo. Akatoka nje kwanza, aliporudi akamuuliza baba yake mechi hiyo aliitazama wapi. Jioni nzima wakaongea, ingawa jina la binti mzee hakulipata.

Wataalamu wanasema mambo ya ujanani, tuseme kati ya miaka kumi na thelathini, ndiyo yanayokita zaidi kichwani, na ugonjwa huu wa kusahau unaanza kula ya karibuni kabla ya hayo. Kwa hiyo kukumbuka Coastal ya 1988 na kusahau dawa ya asubuhi si maajabu wala si kujifanya. Ila nisikudanganye, hiyo si tiba. Jioni ikiisha ugonjwa uko pale pale. Unachopata ni mzee aliyekula vizuri na kulala bila fujo.

Kuhusu kumkatiza: huku tumefundishwa tusimsahihishe. Akisema goli lilikuwa la kichwa na wewe unajua lilikuwa la mguu, muulize krosi alipiga nani.

KahawaChungu:
Kutokusahihishana? Kwa wazee wa Tanga? Hicho kijiwe kitakufa kwa ukimya ndani ya wiki.

Binti wa GA:
Naona mnataja akina baba tu. Mama yangu alicheza mpira wa pete timu ya shirika lao la umma enzi zile mashirika yalikuwa na timu, SHIMUTA, michezo ya mashirika, ikifika ni safari, ni treni, ni tracksuit mpya. Alikuwa GA, yaani goal attack, mmoja wa wafungaji. Alipostaafu hakuwa na benchi la kukaa. Mama wa miaka hiyo akikaa kijiweni ataulizwa kama mume hayupo.

Wakakutana kwa bahati msibani, yeye na waliyekuwa wanacheza naye, yule GS, mfungaji mwenzake. Wako jikoni wanachambua mchele. Mwenzake akamrushia kitunguu bila kumwambia kitu, mama akakidaka kwa mikono miwili kifuani, mguu mmoja mbele, akasimama hapo hapo kama kipenga kimelia. Nilikuwa natazama. Sijawahi kumwona mama yangu akisimama vile! Wakaanza: nani alikuwa na mikono mirefu, refa gani alikuwa anawaonea, nani alicheza na mimba bila kumwambia kocha. Mchele ulichelewa.

Sasa wanakutana nyumbani kwetu Jumapili moja moja, kwa jina la kikoba, maana bila kikoba waume wangeuliza. Hisa wananunua kweli, lakini zinawachukua robo saa, zilizobaki ni pete. Mmoja wao ameshapigwa kiharusi, mkono wa kulia haufanyi kazi. Huyo wanamrushia mpira wa sponji wa wajukuu, anadaka kwa kushoto, na asipodaka wanamzomea. Kumzomea ndiko anakokupenda, anasema nyumbani kwake wote wanamwonea huruma. Kwa hiyo ndugu wa Glasgow, namuunga mkono KahawaChungu.

Baraza la Kale:
Hapa kwetu Mombasa baraza za Mji wa Kale hazihitaji kualikwa, mzee hupita, husalimia, hukaa. Habari kubwa ni Feisal, mabingwa wa Kenya mwaka wa 1965, timu ya pwani kabla ya Nairobi kutunyima usingizi na Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards) zao. Ami yangu hajui wachezaji wa sasa hata mmoja na hataki kujulishwa. Ukimtajia ligi ya Uingereza ataagiza kahawa nyingine aangalie baharini.

Nitasema jambo moja tu: muangalie kashata. Wazee wetu wengi wana sukari, na kahawa chungu bila kashata hawaioni kahawa. Sisi tulikubaliana na muuzaji awape kipande kidogo, tende moja, basi. Walilalamika wee, wakazoea.

Mwana wa Katanga:
Huku Lubumbashi bazee banasema Englebert, jina ya zamani ya timu yetu, habasemi Mazembe. Kombe ya Afrika 1967 na 1968, mbili mufululizo. Ile ya 1967 Kotoko ya Ghana habakufika ku mechi ya kurudia, kombe ikabaki kwetu. Muzee wangu anaona haya kidogo ku hiyo, anapenda kuruka paka ku 1968.

Mtu wa Meru:
Isiwe mpira tu wakuu. Mzee wetu Arusha ni wa riadha. Anachukua njiti za kiberiti, anazipanga mezani, njiti ya mbele ni Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974, mita 1500. Anaisogeza mbele tangu mwanzo, peke yake, njiti nyingine zote nyuma, halafu ya John Walker wa New Zealand inakuja, inakuja, anapunguza pumzi kabisa, na haifiki. 3:32.2, rekodi ya dunia. Wajukuu wanajua mbio hiyo kuliko mtu aliyekuwepo. Ukimuuliza Akhwari, yule wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, anakuwa mkali, anasema dunia inampenda Mtanzania aliyefika wa mwisho kuliko aliyefika wa kwanza. Sikubaliani naye, ila hoja anayo.

Mstaafu Mtarajiwa:
Niwape upande wa pili. Kijiwe cha baba kilikufa, na kilichokiua si kifo. Alikuja kijana msomi akawashawishi wakisajili, wawe na katiba, mwenyekiti, mweka hazina, fulana zenye nembo. Wazee wakachanga. Fulana zikaja ndogo, hesabu hazikuja kabisa. Watu waliotaniana miaka na miaka wakaanza kushtakiana kwa mjumbe. Chonde, acheni benchi libaki benchi. Anayetaka kusaidia alete mwavuli wa mvua.

Halafu choo. Mzee wa miaka sabini na kitu hawezi kukaa mahali pasipo choo cha karibu, hata kama Sunday Manara mwenyewe, yule nyota wa zamani wa Yanga, anakuja kusimulia. Wengi wanaacha kuja kwa sababu hiyo na wanaona aibu kuitaja. Tafuteni nyumba jirani yenye mama mwema, muongeeni naye.

Mgosi wa Ngamiani:
Nashukuru sana wakuu. La choo sikuwa nimeliwaza, na kweli kuna mzee ameacha kuja tukadhani amenuna.

Nimeongea na wenzake. Hawakukubali kuacha kumsahihisha, wamesema watamsahihisha kama zamani ila kucheka watapunguza. Mmoja kaniambia: "Tukianza kumkubalia kila kitu atajua anaumwa." Nimekosa jibu. Mbeba Zege, wewe ungesemaje?

Mbeba Zege Glasgow:
Ningesema wanamjua kuliko mimi. Kama bado anabisha, wabishane naye. Siku akiacha kubisha, au akianza kuinama na kushika shika nguo wakimkatiza, hapo wabadilishe. Na ziwepo picha, mkuu. Maneno yakipotea picha inasaidia sana. Hata gazeti la zamani.

Kijana wa Nyamagana:
Mimi nina mzee Mwanza anayeapa alikuwepo Nyamagana tarehe 10 Agosti 1974, Simba wakiongoza kwa goli la Adam Sabu, Sembuli wa Yanga anarudisha mwishoni kabisa, Sunday Manara anamaliza kwenye nyongeza. Anaeleza mpaka nguzo aliyopanda. Mama anasema siku hiyo walikuwa Musoma kwenye harusi ya dada yake, na picha ya harusi ipo.

KahawaChungu:
Na mzee anasemaje kuhusu picha?

Kijana wa Nyamagana:
Anasema yule si yeye, ni mdogo wake.