Mpiganaji wa kwetu wa kumwonyesha mdogo wangu

Mwana_Ndoro: Wakuu, habari za usiku. Nipo Lindi mjini. Mdogo wangu akishika pedi ya gemu ni Kratos tu, yule wa God of War, wa Sparta, mwenye shoka na mchirizi mwekundu usoni. Jana kaniuliza, "Kaka, sisi hatukuwa na wapiganaji?" Nikakosa jibu, roho ikaniuma. Nimwonyeshe nani?

Mmatumbi: Mkuu, Vita ya Majimaji ilianzia mkoani kwako! Mwambie habari za Nandete, Kilwa. Julai 1905 watu waling'oa mashina ya pamba ya Mjerumani, na kung'oa kule ndiko kulikuwa kutangaza vita. Walikwenda na mikuki na magobole dhidi ya bunduki za rashasha. Na ile dawa walioamini itageuza risasi kuwa maji: maji, mafuta ya nyonyo, mbegu za mtama. Babu alinionyesha mtama kiganjani, punje chache tu, akanyamaza muda mrefu.

DadaShangani: Hata wale walinzi wanawake wa filamu ya Black Panther wamechotwa kwa Agojie, wanajeshi wanawake wa ufalme wa Dahomey, Benin ya leo. Nilipowaona banda umiza hapa Mtwara nilisimama.

Mwana_Ndoro: Asanteni sana. Mmatumbi, Nandete kuna mnara? Nataka nimpeleke likizo.

Mmatumbi: Upo. Mpeleke.