Hilux 5L namba mbili inakwaruza kila asubuhi, fundi anataka kushusha gia boksi. Naombeni ushauri

Mkorosho_wa_Juu
Wakuu habari za muda huu. Nipo Newala, nina Hilux pikap ya injini ya dizeli ya 5L, foo wili, ya mwaka 2001, nimeinunua mwezi wa tatu kwa mtu wa Lindi. Injini haina neno, hata na hii baridi ya huku juu inawaka mara moja. Shida ni gia boksi. Asubuhi nikitoka nyumbani namba moja inaingia vizuri, nikivuta kwenda namba mbili inakwaruza krrrr mpaka jirani anageuka kuangalia. Nikishatembea kama dakika 20, yaani mpaka nikaribie Kitangari, inapungua inakuwa inaingia vizuri tu, halafu kesho asubuhi palepale. Tatu, nne na tano hazina shida. Rivasi nayo inakwaruza ila sio kila siku.

Fundi wa huku kaiendesha mzunguko mmoja kasema sinkro, zile pete za ndani za kulinganisha mwendo wa gia, zimekwisha, ishushwe, dawa ni kununua gia boksi ya mtumba Dar. Hesabu yake pamoja na usafiri inakaribia milioni mbili. Wakuu hiyo hela ndiyo ya salfa na vibarua wa kupuliza, nikiitoa sasa hivi mikorosho inakaa bila dawa, na nisipotengeneza gari mwezi wa kumi sina cha kubebea korosho kupeleka chama cha msingi. Sijawahi kubadili oili ya gia boksi tangu niinunue na sijui aliyeniuzia alikuwa anaweka nini. Naombeni mawazo yenu, hasa wenye hizi gari.

Dereva_Masasi
Mkuu usishushe kitu bado. Jibu kwanza maswali mawili, gari ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini? Na pedo ya klachi inashikia wapi, juu au karibu na sakafu?

Mkorosho_wa_Juu
Ikiwa imezimwa zinaingia zote laini kabisa. Klachi inashikia chini, ukiachia kidogo tu gari inaondoka.

Spana_Mikindani
Ndugu yangu nimeshika hizi gari miaka mingi sasa nimestaafu, nikwambie taratibu maana hapa ndipo watu wanapoteza hela zao.

Hapo una mambo mawili yanayofanana sauti, klachi isiyoachia vizuri na sinkro inayoshindwa kazi. Fanya hivi kesho asubuhi gari ikiwa ya baridi. Washa, iache sailensa, yaani ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka tano, ndiyo uweke rivasi. Ikikwaruza bado, klachi haiachii, kwa sababu ikiachia vizuri zile gia ndani zinatakiwa ziwe zimesimama baada ya sekunde chache. Sasa kanyaga mara mbili tatu harakaharaka halafu jaribu tena, kama safari hii inaingia kimya basi tatizo ni masta ya klachi, ile pampu ya juu inayosukumwa na pedo, au ile pampu ndogo ya chini iliyobandikwa ubavuni mwa gia boksi. Ingia chini, funua kile kimpira cha ile ndogo, ukikuta majimaji umeshapata mchawi. Hiyo ni rababendi tu na kutoa upepo, haifiki popote kwenye milioni mbili. Huku pwani nazikuta nyingi zimeliwa kutu kwa ajili ya chumvi, na gari yako imetoka Lindi.

La pili ni oili. Ukisema asubuhi inakwaruza, ikipata moto inaacha, mimi wazo la kwanza ni oili nzito. Mafundi wengi wana debe moja la oili ya difu, namba 140 au 90, wanajaza difu, transfa (ile boksi ya kugawa nguvu za foo wili) na gia boksi humohumo. Sinkro kazi yake ni kusugua mpaka gia mbili ziende mwendo mmoja, oili ikiwa nzito kama asali ya baridi haiondoki pale katikati, sinkro haishiki, meno yanakutana kabla ya wakati. Ndiyo hiyo krrr unayoisikia. Halafu angalia maandishi kwenye kopo, GL-5 ni ya difu, ina dawa kali ya kulinda meno ya difu na kwenye sinkro za shaba sio rafiki. Gia boksi yako inataka 75W-90 ya GL-4. Namba 90 peke yake haikwambii kitu, soma GL.

Mzigo_Tandahimba
Mzee shikamoo, mimi naweka GL-5 mwaka wa nne huu sijaona tatizo lolote. Mimi nadhani namba mbili imekwisha tu, Hilux za kubebea mzigo namba mbili ndiyo inakufa kwanza, kwenye vilima muda wote uko moja mbili, moja mbili. Jaribu dabo klachi, yaani kanyaga, toa gia weka fri, achia klachi, kanyaga tena ndiyo uweke mbili. Ikiingia laini hivyo jua sinkro ya mbili imelika na utakuja kuishusha tu.

Spana_Mikindani
Marahaba kijana. Kipimo chako cha dabo klachi ni sahihi nakiunga mkono. Ila sinkro iliyolika moja kwa moja inakwaruza asubuhi na mchana, sanasana kwa moto. Yake inapona ikipata joto. Aanze na cha bei rahisi.

DMax_Nachingwea
Mimi nina Isuzu, kitabu chake kinasema gia boksi iwekwe oili ya injini na ndiyo naweka, laini kama siagi. Jaribu mkuu.

Dereva_Masasi
Hapana, hiyo ni ya Isuzu yako, gia boksi nyingi za Isuzu ndivyo zilivyo kweli, usimpeleke mwenzio wa Toyota huko. Kila gari na kitabu chake.

Mama_Samaki_Kilwa
Kaka usisahau maji. Mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara huku Somanga gari yangu iliingia maji mpaka juu ya tairi, sikufungua gia boksi nikaona inatembea tu. Baada ya miezi kadhaa bearing zikaanza kulia, kufungua oili imetoka rangi ya chai ya maziwa. Gia boksi ikiwa ya moto ikazama kwenye maji ya baridi inavuta maji kwa ndani, kupitia kwenye sili na kile kipumulio cha juu. Mimi nilichelewa ikaniuma sana. Wewe gari umeinunua Lindi hujui ilipita wapi, mwaga uone.

Spana_Mikindani
Dada kasema la maana sana. Na ukimwaga, TAFADHALI anza kufungua nati ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini. Nimeona mtu kamwaga oili yote halafu ya juu imegoma kufunguka, gari haina oili na haiwezi kwenda popote. Spana ni 24, tumia soketi, zile za mdomo zinakula kona. Iendeshe kidogo kwanza ipate vuguvugu, iweke sehemu tambarare. Nati ya chini ina sumaku, chukua ile tope iliyoganda pale uipikiche katikati ya vidole. Ikiwa laini kama wanja ni kawaida ya chuma kusagika, ukigusa vipande vyenye ncha hapo ndiyo tuongee kushusha. Kujaza usihesabu lita, jaza mpaka oili ianze kurudi kwenye tundu la juu ndiyo ufunge, na usikaze kwa nguvu zote maana ile bodi ni aluminiamu. Transfa ina oili yake na nati zake, ifungue siku hiyohiyo.

Mkorosho_wa_Juu *(siku tisa baadaye)*
Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa, GL-4 hapa Newala nimekosa kila duka nikaagiza Dar ikaja na basi.

Kipimo cha rivasi nilifanya asubuhi, kuhesabu mpaka tano inakwaruza, nikipampu mara tatu inaingia kimya. Nikaingia chini kufunua kile kimpira, maji ya breki yakanidondokea mkononi. Nimenunua ile ndogo mpya nzima, tumetoa upepo mimi na mdogo wangu, sasa pedo inashikia katikati.

Oili sasa. Nati ya juu ilinisumbua nusu saa na bomba la kurefushia. Iliyotoka ni nyeusi nzito, ilikuwa inashuka kama uzi haikatiki, na inanuka ile harufu kali ya difu. Maji hakuna, ashukuriwe Mungu. Tope la kwenye sumaku nimelipikicha kama alivyosema mzee, laini, nimeacha vidole vyeusi siku nzima ila hakuna kipande. Kwenye transfa nimekuta oili iko chini sana ya tundu, nayo nimebadili.

Leo ni asubuhi ya tatu. Rivasi kimya kabisa. Namba mbili nikivuta kwa haraka gari ikiwa ya baridi bado inagusa kidogo, nikienda taratibu inaingia. Kwa hiyo na Mzigo_Tandahimba nadhani hajakosea, sinkro imeshaanza kulika.

Mzigo_Tandahimba
Safi sana mkuu. Hapo unamaliza msimu wote nayo. Ila unapakia gunia ngapi?

Mkorosho_wa_Juu
Aliyeniuzia aliniambia alikuwa anapakia 20.

Spana_Mikindani
Gunia la kilo 80 mara 20 ni kilo 1600, na hiyo pikap ni ya tani moja. Pakia 12, rudi mara mbili. Asubuhi kilomita za kwanza nenda na dabo klachi, na mkono usiulaze juu ya gia ukitembea, unasukuma foku, vile vyuma vya ndani vya kusogeza gia, zinalika. Mnada wa korosho ukiisha mwaga hii oili tena, itakuwa imeosha mabaki ya ile ya zamani, na upikiche tena ile tope ya sumaku.

Mkorosho_wa_Juu
Nimekuelewa mzee wangu, asante sana, na dada wa Kilwa, na wote. Fundi nimemwambia gia boksi haishuki. Kesho naenda kuchukua salfa.