Mjadala: Vyuo vya Marekani viwalipe wanafunzi kiangazi kutafiti ubaguzi wa makazi kwa ajili ya umma?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Vyuo vingi Marekani humlipa mwanafunzi wa uzamivu posho ya miezi 9. Juni hadi Agosti kila mtu na lwake. Sasa kuna vyuo vinavyotenga fedha za kiangazi kwa wanaotafiti jinsi miji ilivyotenganisha watu kwa rangi, kwa sharti kwamba kazi iwafikie wananchi: ramani, maonyesho, matembezi ya mtaani. Wapo wanaosema huo ni uanaharakati, fedha iende kwenye tasnifu. Mimi nasema walipwe, tena vizuri.

Kule Detroit, nyuma ya nyumba za mtaa wa Birwood, kuna ukuta wa zege wa kimo cha mtu mzima. Ulijengwa 1941. Mjenzi alitaka kuweka nyumba za Wazungu pembeni ya mtaa wa Weusi, na FHA, idara ya serikali iliyokuwa ikidhamini mikopo ya nyumba, haikutaka kudhamini bila kizuizi. Ukuta ukasimama, dhamana ikatoka. Leo sehemu yake imepambwa kwa michoro ya rangi, na mtu anaweza kukua jirani nao akidhani ni uzio tu. Huyo hatafikiwa na makala ya kurasa 40 iliyofungiwa kwenye jarida la kulipia.

Mchangiaji wa 2
Mleta mada, nakupinga. Zile ramani za HOLC, idara ya serikali iliyowasaidia wenye nyumba kwa mikopo miaka ya 1930, miji zaidi ya 200, kijani kwa mitaa "bora" na nyekundu kwa mitaa "hatari", Chuo Kikuu cha Richmond kilishaziweka mtandaoni. Mtoto wa sekondari anazifungua kwa simu. Lakini kila kiangazi anatokea mwanafunzi, anaipachika ramani ileile juu ya ramani ya joto au ya umaskini, anasema "oneni!" Wakati huohuo wanahistoria bado wanabishana: je, ramani hizo ndizo zilizowanyima watu mikopo, au ziliandika tu yaliyokuwa yakitendeka, huku FHA ikibagua kwa taratibu zake yenyewe? Ubishi huo hauenei kwenye bango. Ukimlipa mtu ili umma umwelewe, atapunguza kila kinachoeleweka kwa shida.

Mleta mada
Kwenye kupaka rangi ramani za zamani umenikamata, sibishi. Lakini tazama Minneapolis. Mwaka 2016 watu wa mradi ambao leo uko Chuo Kikuu cha Minnesota walianza kusaka hati za nyumba zenye sharti kwamba isiuzwe wala kukodishwa kwa asiye Mzungu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 1948 kwamba mahakama haziwezi kulisimamia sharti la namna hiyo, na sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wa makazi, lakini maneno yalibaki kwenye karatasi. Kompyuta ilichambua hati, halafu maelfu ya raia wa kujitolea wakazisoma moja moja. Mwaka 2019 jimbo likapitisha sheria ya kumruhusu mwenye nyumba kulitangua sharti hilo. Umma haukuletewa uji uliopozwa, mkuu. Ulipika wenyewe.

Mchangiaji wa 3
Mimi ni mhusika, nasomea uzamivu huko. Viza yangu ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, hainiruhusu kwenda kubeba mizigo ghalani nje ya chuo bila kibali maalum, hata nikipungukiwa. Kiangazi cha kwanza nililala kwenye kochi la rafiki, nikahama mara tatu na sanduku langu la vitabu. Mwenzangu wa darasa alirudi kwao, akala, akalala, akamaliza sura mbili. Nyumba ile babu yake aliinunua kwa mkopo wa dhamana ya FHA. Alinieleza mwenyewe, tena kwa aibu. Kwa hiyo tusipolipwa kiangazi, ubaguzi wa makazi watautafiti wajukuu wa waliopewa nyumba. Sisemi hawaufai. Nasema wasiwe peke yao.

Mchangiaji wa 2
Hiyo hoja ni nzito kuliko zote za mleta mada. Ila ni hoja ya posho ya miezi 12 kwa kila mtu. Kwa nini ifungwe na sharti la maonyesho?

Mchangiaji wa 4
Mnagawana posho, na mwenye habari yake je? Mtaani kwangu, upande wa kusini wa Chicago, alikuja kijana na kinasa sauti. Jirani yangu, mama wa miaka 80 na ushee, alimfungulia mlango siku tatu, akamtolea albamu, risiti za malipo ya nyumba waliyokuja kunyang'anywa, kila kitu. Kijana alilipwa na chuo. Mama alipata kikombe chenye nembo ya chuo. Aliahidiwa nakala ya sauti yake. Kiungo alichopewa hakifunguki tangu vuli.

Mleta mada
Dada, hapo nimekosa la kutetea. Basi nirekebishe: fedha itolewe, lakini wazee nao wawe na fungu lao, na nakala ifike mlangoni kabla mwanafunzi hajapokea awamu ya mwisho. Mlijaribu kuwatafuta?

Mchangiaji wa 4
Binti yake aliandika barua pepe mara mbili. Idara ilimjibu kwamba mwanafunzi yule alishahitimu.