Mafundi wa karne ya 19 waliyakaushaje manyoya ya mbuni baada ya kuyatia rangi?

Mpenda Mavazi: Ndugu zangu, nasoma historia ya ufundi wa mavazi, na nimevutiwa na Alexander Paul, ambaye mwaka 1888, mjini Philadelphia, alichapisha mafunzo ya kutia rangi manyoya ya mbuni. Unyoya ukilowa husinyaa na nyuzi zake hugandamana. Waliurudishaje katika hali yake?

Fundi Rangi: Siri ilikuwa wanga. Manyoya yalifungwa kwenye kamba, yakafuliwa kwa maji vuguvugu ya sabuni, kwa sababu penye mafuta rangi haishiki. Yalipotoka kwenye rangi na kusuuzwa, yalichovywa katika maji baridi yaliyokorogwa wanga mbichi, yakakamuliwa, kisha yakapigwapigwa na kutikiswa mpaka yakakauka. Chembe za wanga hukaa katikati ya nyuzi zikizizuia zisishikane, nazo hupukutika kadiri unyoya unavyokauka. Wanga huo haupikwi hata kidogo, kwa maana ukipikwa unakuwa gundi na unyoya umeharibika. Naamini mwanagenzi alijulikana hapo kama ameiva, kwani anayeacha kutikisa mapema hubaki na unyoya mzito, wenye vumbi jeupe.

Mpenda Mavazi: Ahsante sana. Na rangi zenyewe zilitoka wapi?

Mwanakemia: Unyoya ni protini, kama sufu, kwa hiyo hupokea vizuri rangi nyingi zinazotiwa pamoja na asidi kidogo. Manjano tunayopikia ilitumika kupata rangi ya njano, na weusi ulipatikana kwa magogo ya mti wa Campeche, kutoka Amerika ya Kati, yakiunganishwa na chumvi za chuma. Mwaka 1856 mkemia Mwingereza William Perkin, akiwa London, aligundua rangi ya zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, na baada yake zikafuata nyingine nyingi kali na angavu. Hata hivyo, unyoya wa kijivu haukubali waridi wala samawati hafifu bila kung'arishwa kwanza, yaani kuondolewa rangi yake ya asili. Haidrojeni peroksaidi yenye amonia kidogo ndiyo iliyowezesha manyoya hayo, yaliyokuwa yakiishia kutiwa rangi nyeusi, kupata rangi laini zilizopendwa kwenye kofia.

Fundi Rangi: Naongeza jambo moja: mtu asichemshe manyoya kwa muda mrefu ili rangi ikolee, kwa sababu moto mwingi huyafanya yakatike. Ni heri kuyachovya tena na tena, ukilinganisha kila mara na sampuli iliyokauka, maana unyoya uliolowa huonekana wenye rangi nzito zaidi kuliko utakavyokuwa ukikauka.